Kazi ya Kuufuta Ulimwengu

Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kuufuta ulimwengu. Rangi nyeupe, mara mbili, dari na kuta, kuanzia iliyokuwa wodi ya watoto mpaka mwisho wa korido. Msimamizi wa jengo alinionyesha kwa kidole huku macho yake yakiwa kwenye simu.

"Hizi nyotanyota zote ziondoke, mama," alisema. "Hapa panakuwa ofisi. Watu hawawezi kufanya kazi wakijiona wako mbinguni."

Nikamjibu hakuna shida. Sikumwambia kwamba nyotanyota hizo ni za baba yangu, wala kwamba zile zilizojaa upande wa dirishani nilizitia mimi, nikiwa na brashi ndogo na mdomo nimeuvuta kwa sababu nilitaka brashi kubwa.

Mimi ni mpaka rangi. Kuna wateja wanaonikuta juu ya ngazi, wakaniuliza fundi yuko wapi, nami huwaambia wanazungumza na visigino vyake. Kazi hii nimeirithi kwa baba, ingawa yeye hasa alikuwa mwandishi wa mabango: duka la vitambaa, kinyozi, karakana ya baiskeli, usikojoe hapa. Watu walimwita Fundi Mstari, na jina lilimkaa kama soksi. Hakuandika hata herufi moja kabla ya kuchora ukingo, mstari mwekundu kuzunguka ubao wote, vidole vinne kutoka pembeni. Alikuwa na uzi anaoupaka vumbi la chaki. Mimi nashika ncha moja, yeye anashika ya pili, tunaukaza, kisha anauvuta katikati na kuuachia. Pa. Ubaoni panabaki alama iliyonyooka, naye anaifuata kwa brashi. "Sasa tunajua kazi yetu inaanzia wapi na inaishia wapi," alikuwa akisema, kila bango, kila siku, mpaka mimi na mdogo wangu tukawa tunamtangulia kuimaliza sentensi hiyo, naye anajifanya kiziwi.

Jambo jingine lililomfanya awe mkali lilikuwa mafundi wanaopaka rangi kuzunguka kabati. Unajua wanavyofanya: kabati zito, wanaliacha palepale, wanapaka pembeni, na nyuma yake ukuta unabaki na rangi ya kale. Baba aliwahi kumwachisha kazi kijana mmoja kwa kosa hilo. "Ukuta ni ukuta hata usipoonekana," alimwambia, na tangu hapo mimi makabati nayasogeza, hata kama mgongo unanilaani.

Mdogo wangu wa kike tulimwita Sisimizi, maana alikuwa hatulii na hakuna kitu ambacho hakukipanda. Alipanda meza, alipanda ukuta wa jirani, alipanda tangi la maji. Siku moja akapanda ngazi ya baba karakanani, ile ndefu, ambayo baba alikuwa ameiegemeza vibaya kidogo akiharakisha kwenda kupokea mteja. Ngazi ikateleza. Mfupa wa paja ukavunjika, na mimi niliyekuwa naosha brashi kwa mafuta ya taa nikasikia sauti ambayo sitaki kuieleza.

Wakamlaza wodi ya watoto, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma vizito ili mfupa ukae sawa. Alilazwa chali, hawezi kugeuka huku wala kule. Mtoto ambaye hakuwahi kukaa kwenye kiti mpaka chakula kiishe, sasa kazi yake ilikuwa kuangalia juu. Mama alikuwa akimletea uji, baba akiketi kwenye kiti cha wageni na mikono yake mikubwa mapajani. Hakuna aliyemlaumu. Mama alinikataza hata kuitaja ngazi. Lakini baba alikuwa akimwangalia yule mtoto kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Baba," Sisimizi alimwambia jioni moja, "hii dari nimeshaimaliza."

"Umeimaliza vipi?"

"Lile doa ni kiatu. Lile ni mbuzi. Lile ni mwalimu mkuu amekasirika. Basi. Yameisha. Nataka kitu ambacho siwezi kukimaliza."

Nesi mkuu alikuwa anapita na sinia la dawa. Sisi tulimwita Bi Kimya, kwa sababu neno hilo ndilo alilolitumia kuliko yote, na sijui kama mwenyewe alijua. Alisimama, akatazama dari, akamtazama baba.

"Si wewe ni mpaka rangi?" alimuuliza. "Basi mpakie. Ila madirisha yawe wazi, na nisisikie kelele."

Kitu ambacho huwezi kukimaliza. Baba alifikiria bahari, akasema bahari ina ng'ambo. Mama alipendekeza shamba la maua. Ni Sisimizi mwenyewe aliyeamua: anachotaka ni ulimwengu. Wote, na nyota zake.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu baba yangu alifanya kitu ambacho ni yeye tu angeweza kukifanya. Jumamosi ya kwanza vitanda vilisogezwa upande mmoja, tukapanda ngazi mbili mimi na yeye, na kabla hata kopo la bluu halijafunguliwa, akatoa uzi. Pa. Pa. Pa. Pa. Akauzungushia ulimwengu mstari mwekundu, vidole vinne kutoka ukutani, umenyooka vizuri kabisa. Akashuka kumwangalia mteja wake.

Sisimizi alitazama dari kwa muda. Kisha midomo ikaanza kumcheza.

"Baba, mbona umeshaumaliza?"

Baba akatazama juu. Nilimwona akielewa. Uso wake ulishuka, akapanda ngazi tena, akaufuta ule mstari kwa kitambaa, wote, huku rangi ikimdondokea kwenye nyusi. Siku hiyo hakupaka kingine. Nyumbani alikula shingo upande, halafu akatuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya viazi, kama kuna anayejua ulimwengu unaishia wapi.

Mama alisema unaishia pale mtu anapoanza kuosha vyombo. Mimi nilisema nitauliza shuleni. Lakini baba hakungoja. Mwalimu wa sayansi, aliyekuwa akikaa mtaa wa nyuma, alipokuja karakanani kuchukua bango la shule, baba alimvutia kiti, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wateja wakubwa.

"Mwalimu, ulimwengu una mwisho?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Tunachoweza kukiona kina mwisho, fundi. Mwanga nao una safari, na wa mbali sana bado haujatufikia. Nyuma ya hapo hatujui. Labda unaendelea tu. Labda umejikunja, ukienda mbele sana unajikuta umerudi ulikotoka. Lakini ukingo, kama huu wa meza, wengi hatudhani upo."

"Na mtu akiamua kwenda?"

"Kwa mwendo gani?"

"Mwendo wowote. Tuseme amebeba chakula cha kutosha."

"Hafiki. Unazidi kutanuka. Yeye anakwenda, na kule kunazidi kuwa mbali."

Baba alifikiri kwa makini. "Mimi nilikuwa nataka tu inchi ngapi kutoka ukutani."

Mwalimu alicheka mpaka akapaliwa. Alipotulia alisema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye pia swali hilo linamsumbua tangu utoto, na kwamba amesoma sana ili alijibu, na bado. Baba alimpenda kwa jibu hilo. Alilibeba bango la shule mwenyewe mpaka nyumbani kwa mwalimu, wakaongea njia nzima.

Jumamosi iliyofuata tulianza bila ukingo. Sijawahi kumwona baba akiteseka vile. Mkono ulikuwa unautafuta mstari. Alianza katikati, juu ya kitanda cha Sisimizi, akaenda akijitanua pande zote, bluu nzito inayokaribia weusi, halafu vumbi la nyeupe lililorushwa kwa mswaki wa meno, halafu nyota mojamoja. Watoto wa vitanda vyote wakawa wanatoa amri. Mmoja alitaka nyota ya kijani, akapewa. Bi Kimya alisema kimya mpaka akachoka, mwishowe akaja kusimama chini ya ngazi na kuuliza kama ile yenye mkia ndiyo kimondo.

Harufu ya rangi ile bado ninayo. Nikifungua kopo la bluu popote pale, hata leo, baba anaingia chumbani na kitambaa chake begani, nami nakuwa msichana mwenye brashi ndogo. Zilikuwa siku mbaya, mdogo wangu kavunjika na mama kakonda, na ningetoa chochote kuzirudia.

Baba alipofika ukutani hakusimama. Angesimamaje, wakati hapakuwa na mstari? Akateremka na ukuta, akauzunguka mlango, akapita chini ya madirisha. Wakati huo mguu wa Sisimizi ulikuwa umefunguliwa. Daktari alipiga picha, akasema mfupa umeshika vizuri kabisa, kilichobaki ni mtoto kusimama na kutembea. Akatuonya pia, mbele yake: asipoutumia, goti litakakamaa na mguu utasinyaa, na hapo hata yeye hatakuwa na la kufanya.

Sisimizi hakutaka. Walimkalisha kitandani, miguu ikining'inia, akang'ang'ania chuma cha kitanda mpaka vidole vikawa vyeupe. "Huu mguu si wangu," alisema. Mama alimbembeleza. Bi Kimya alimwahidi peremende, kinyume cha sheria zake zote. Mimi nilimtisha kwamba nitampa mtoto wa jirani viatu vyake, akasema mpe. Siku zikawa zinapita, na paja lake likawa jembamba kuliko mkono wangu. Tulimjua yule mtoto: alichokuwa anakiogopa ni kuanguka tena, na woga ule ulimkalia kifuani kuliko sisi wote.

Baba hakumbembeleza. Sidhani kama alijiona ana haki hiyo. Aliendelea kupaka rangi, na kwa kuwa kuta za wodi zilikuwa zimekwisha, akatoka mlangoni na kuingia korido.

Kutoka kitandani, Sisimizi alikuwa anauona mlango na kipande kidogo cha ukuta wa nje. Aliisikia ngazi ikiburutwa, alisikia mswaki ukirusha nyota. Nilikuwepo Jumapili moja.

"Baba," aliita, "unachora nini huko?"

"Ulimwengu unaendelea," baba alijibu kutoka nje.

"Kuna nini?"

"Kuna sayari hapa ina pete mbili. Na nyingine siijui jina."

"Na mwisho?"

"Sijafika."

"Ukifika utaniambia?"

Baba aliisogeza ngazi. "Ukingo hausimuliwi," alisema. "Mpaka ujionee."

Wiki ile, siku ambayo mimi nilikuwa shuleni, Sisimizi aliteremka kitandani. Mama alinisimulia: alishika kitanda, akashika kitanda cha jirani, akashika ukuta, akasimama mlangoni anatetemeka, akatazama sayari yenye pete mbili kwa muda mrefu, kisha akarudi analia kwa maumivu. Kesho yake akaenda tena, kwa sababu baba alikuwa ameshasogea mbele. Ikawa ndiyo mchezo wao. Akifika alipoishia baba, baba ana hatua chache zaidi kesho yake. Ulimwengu ukapita chumba cha sindano, ukapita dirisha la dawa, ukakata kona. Katibu wa hospitali alikuja mbio, macho yamemtoka.

"Fundi, tulikubaliana dari ya wodi. Huu ulimwengu unaishia wapi?"

"Hata mwalimu hajui, mzee," baba alimjibu, na brashi haikusimama.

Bi Kimya ndiye aliyemchukua katibu pembeni na kumwonyesha, kule nyuma, mtoto anayekuja taratibu akiwa ameegemea ukuta. Katibu aliondoka, hakurudi tena kuuliza.

Halafu siku moja nikarudi kutoka shuleni, nikamkuta Sisimizi mezani kwetu, anakula kama hakuwahi kuondoka.

"Nimefika," aliniambia.

"Wapi?"

"Ukingoni."

"Kukoje?"

Akatafuna kwanza, yule mtoto mwenye majivuno. "Ukingo hausimuliwi."

Nilimuuliza baba, akasema muulize aliyefika. Nilipopata nafasi ya kupita hospitalini, miezi baadaye, niliufuata ulimwengu mpaka mwisho wa korido, nikakuta kabati la chuma la mashuka, refu mpaka dari, limesimama ukutani. Upande huu wa kabati nyota, upande wa pili ukuta mtupu. Nikaamua kwamba rangi ilimwishia, basi. Nilimwambia Sisimizi hivyo, akacheka. Toka hapo tukawa na ugomvi wetu wa kudumu. Kila tulipokutana nilimwambia hapakuwa na ukingo, palikuwa na kopo tupu. Aliniambia mimi ni fundi wa kuzunguka kabati. Aliolewa, nikaolewa, tukamzika mama, tukamzika baba, na hata siku ya mazishi ya baba nilimnong'oneza, niambie sasa, akatikisa kichwa huku machozi yanamtoka.

Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuufuta, nilimpigia simu. Sisimizi sasa ni mpima ardhi, kutwa yuko maporini anatembea na kuweka mawe ya mipaka. Nilidhani atasema yuko mbali. Alifika kesho yake mchana, buti zina tope, na ule mguu wake unaochechemea kidogo akichoka.

Tulipita wodini kwanza, akalala chali sakafuni, mtu mzima yule, mahali kilipokuwa kitanda chake. Vijana wangu wawili wa kazi wakatazamana. Kisha tukaenda korido taratibu, mkono wake ukipita ukutani, na pale kwenye kona akasimama kupumzika kwa mazoea, ingawa hakuchoka. Tulipofika kwenye kabati, vijana wakalishika huku na huku, likalia sakafuni kwa sauti ya kukera meno, likatoka.

Ulikuwepo. Mstari mwekundu wa baba, kutoka dari kushuka chini, nyota zote upande mmoja na ukuta mtupu upande wa pili. Kule juu ulikuwa umenyooka, alama ya chaki bado inaonekana pembeni yake. Lakini ulipofika usawa wa kifua changu uliacha alama ya uzi, ukaanza kuyumba. Ulikwenda kushoto, ukarudi, ukanenepa, ukakatika kidogo, ukaendelea, ukafika sakafuni na kuacha doa kubwa.

"Huyu si baba," nilisema.

"Kule juu ni baba. Alichora mpaka usawa wa uso wangu, akanipa brashi." Alikuwa anaongea polepole. "Akasema, kama una mwisho mimi sijui, na mwalimu hajui. Lakini wewe leo umefika hapa kwa miguu yako. Malizia." Akaugusa ule mstari kwa kidole. "Sasa dada, ili ufike chini, lazima uchuchumae. Na lile goti nilikuwa sijalikunja mpaka mwisho tangu nianguke. Walikuwa wamejaribu wote, nikapiga kelele."

"Ukachuchumaa?"

"Si unaona mstari umefika sakafuni."

Nikamuuliza, na baba je, alifanya nini?

"Aligeukia dirishani, akawa anatafuta kitambaa chake. Kilikuwa begani kwake."

Hapo nililia. Nililia mbele ya vijana wangu, na sikujali. Lakini mimi ni mimi, na hata ndani ya machozi wivu ulinishika, kwa sababu ncha ya pili ya uzi ule ilikuwa kazi yangu.

"Uzi nani alishika?"

"Bi Kimya. Alichuchumaa hapa chini na sare yake nyeupe, chaki ikamjaa. Hakusema neno. Halafu ndiye aliyeamuru kabati lisogezwe hapa, watoto wasije wakauchezea."

"Na wewe miaka yote hii umenifanya mjinga. Kwa nini hukuniambia?"

Sisimizi alinitazama kama vile jambo lenyewe liko wazi. "Ningekuambia, ungeacha kuniuliza."

Tulifanya kazi mpaka tukaimaliza. Yeye alibaki kunisaidia, akang'oa misumari, akaziba nyufa, akanikorogea rangi kama tulivyokuwa tukimkorogea baba. Bluu ile ilitugomea. Kila nyeupe ilipokauka ilichungulia tena, hasa juu ya kilipokuwa kitanda, ikabidi tupake mara ya tatu kwa hasara yangu. Nyota za dirishani nilizipaka mwenyewe, sikumwachia kijana. Mwishowe wodi ikawa nyeupe, korido ikawa nyeupe, na sauti zetu zikawa zinarudi kama ndani ya nyumba isiyo na watu.

Msimamizi alikuja kukagua. Alitembea kote, akagusa ukuta kwa kidole, akatazama kidole chake, akaridhika. Alipofika mwisho wa korido alitazama kabati la chuma, lililokuwa limerudi mahali pake.

"Na huku nyuma mmepaka?"

"Unataka tulisogeze uone?" Sisimizi alimuuliza, akishika upande mmoja.

Alilitazama kabati, akaitazama suti yake. "Hapana, hapana. Nawaamini."

Baba angeniachisha kazi siku ileile. Kwa mara ya kwanza tangu nishike brashi, nilikuwa nimepaka rangi kuzunguka kabati.